Mikono Iliyoshika Gazeti: Umiliki na Fedha za Vyombo vya Habari Tanzania

Msimulizi, gazeti la kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili, lilitoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Lilikuwa mali ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Mtambo wa kuchapia ulikuwa wa misheni, kazi ilifanyika katika shule ya misheni, na wasomaji walikuwa walimu na waumini waliotawanyika Magila, Masasi na mwambao wa Ziwa Nyasa, waliotaka kupata habari za vituo vya wenzao. Habari za Mwezi la Magila lilifuata katika miaka ya 1890 kwa utaratibu huohuo. Mwaka 1910 Walutheri wa Dar es Salaam wakaanzisha Pwani na Bara, na Wakatoliki wakawa na Rafiki Yangu. Nani alipie gazeti halikuwa swali gumu kwa wamisionari, kwa kuwa fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya. Nani aamue la kuandikwa halikuwa gumu pia, kwa sababu mlipaji na mwamuzi walikuwa nyumba moja.

Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Lilisomwa na maakida, makarani na walimu, yaani watu ambao serikali iliwahitaji ili itawale. Walowezi walikuwa na lao, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899 kwa Kijerumani. Gazeti hilo lilimshambulia vikali Gavana Rechenberg kwa sababu aliamini kwamba uchumi wa koloni ungejengwa na mazao ya wakulima Waafrika kuliko mashamba makubwa ya Wazungu. Lilikuwa gazeti huru kwa maana ya kuthubutu kumkosoa mtawala, lakini uhuru huo ulikuwa wa tabaka lililolimiliki, na Mwafrika alitajwa humo kama nguvukazi tu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika, basi, nchi ilikuwa imekwisha kuona aina tatu za wamiliki: kanisa, dola na wenye mali. Mwafrika aliandika katika baadhi ya magazeti hayo, alipanga herufi na kuyasambaza, ila hakuwa na lake.

Waingereza walipochukua Tanganyika walifuata nyayo hizohizo. Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, na jarida hilo la mwezi linastahili kutendewa haki. Kurasa zake zilijaa barua za wasomaji, historia za makabila, hadithi na mashairi. Shaaban Robert alichapisha mashairi yake humo, na malenga wengi wa bara na pwani walijibizana humo kwa miaka mingi. Hakuna chombo cha wakati ule kilichoilea lugha kuliko hilo. Hata hivyo lilikuwa la serikali, na siasa ya kudai haki haikuwa na nafasi. Msomaji angeweza kuandika juu ya mila za harusi au kilimo cha pamba, lakini asingeweza kuuliza kwa nini alipe kodi kwa serikali asiyoichagua.

Mwaka 1930 likaja Tanganyika Standard, gazeti la Kiingereza la kampuni ya Nairobi iliyomiliki East African Standard. Kampuni yenyewe ilikuwa na historia ya kupitia mikono mbalimbali: gazeti mama lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, likauzwa kwa Waingereza miaka michache baadaye, kisha likahamia Nairobi. Tanganyika Standard lilijitegemea kwa mauzo na matangazo ya makampuni ya kigeni, na maoni yake yalikuwa maoni ya makampuni hayo na ya maofisa waliolisoma asubuhi.

Gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika lilikuwa Kwetu, lililoanzishwa Dar es Salaam mwezi Novemba 1937 na Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda. Fiah alikuwa mtu wa mawazo mapana, mfuatiliaji wa maandishi ya Marcus Garvey, na mwanzilishi wa chama cha kutetea wafanyabiashara Waafrika. Kwetu lilisema mambo ambayo Mambo Leo lisingeyagusa: mishahara midogo, ubaguzi wa kazi, dharau ya wakubwa. Udhaifu wake haukuwa wa kalamu. Fiah hakuwa na mtaji wala watangazaji wakubwa, wasomaji wake walikuwa watu wa kipato kidogo, na gazeti lilitoka kwa shida hadi lilipokufa mwaka 1951. Sheria ya magazeti ya mwaka 1928 ilikuwapo muda wote huo, lakini hali ya fedha ilimbana Fiah kila toleo. Mmiliki aliye karibu kabisa na wasomaji maskini ndiye aliyekuwa na fedha kidogo kuliko wote, na tatizo hilo lilijirudia mara nyingi baadaye.

Miaka ya 1950 ilileta redio na vyama. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1956 ikafanywa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa kuiga mfano wa BBC: fedha za umma, lakini uongozi wa bodi badala ya ofisi ya waziri. TANU ilikuwa na kijarida cha kurudufiwa, Sauti ya TANU, ambacho Julius Nyerere alikiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1958 makala moja iliyowashutumu maofisa wawili wa wilaya ilimfikisha mahakamani kwa kosa la kashfa. Akahukumiwa kulipa faini ya paundi 150 au kufungwa miezi 6, na faini ikalipwa. Wahariri wa Mwafrika, gazeti lililounga mkono harakati za uhuru, walifungwa mwaka huohuo kwa uchochezi. Watu hao walijua kwa miili yao gharama ya kuandika bila ulinzi, na ndiyo maana yaliyofuata baada ya Uhuru yanahitaji kuangaliwa kwa makini.

Palikuwa pia na Ngurumo, lililoanzishwa mwaka 1959 na Randhir Thaker, mwenye kiwanda cha uchapaji mjini Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la bei ndogo la watu wa mjini, lenye habari fupi na lugha ya mtaani, na kwa miaka kadhaa lilikuwa miongoni mwa magazeti ya Kiswahili yaliyopendwa sana. Halikutaifishwa wala kufungiwa. Mitambo yake ilichakaa, mwenye nayo hakumudu kuleta mingine, na mwaka 1976 likatoweka. Kifo chake hakikupigiwa kelele kama vifo vilivyoletwa na amri za serikali, ingawa msomaji alipoteza kitu kilekile.

Siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, TANU ilianzisha Uhuru, na mwaka 1964 likafuata The Nationalist kwa Kiingereza. Chama kikawa mmiliki wa magazeti mawili ya kila siku. Mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika la utangazaji na kuifanya redio kuwa idara ya wizara, kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa na watu wa wakati ule ilikuwa na uzito: nchi changa, yenye walimu wachache na barabara mbovu, ilihitaji sauti moja ya kuwafikia wananchi haraka. Na RTD ilifanya kazi ambayo hakuna kituo cha biashara kingeifanya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kujifunza kujikinga na malaria. Idhaa yake ya nje iliwapa maikrofoni wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe. Hapo fedha ya umma ilitumika kwa manufaa ya umma, na mafanikio hayo ni sehemu ya historia sawa na makosa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia za habari katika orodha ya njia kuu za uchumi, pamoja na ardhi, madini na mabenki. Mwaka huohuo kampuni ya Lonrho ya Uingereza ilinunua kundi la magazeti ya Standard. Gazeti kubwa la Kiingereza la nchi ya kijamaa likawa chini ya kampuni yenye migodi na mashamba kusini mwa Afrika, na hali hiyo isingeweza kudumu. Tarehe 5 Februari 1970, katika maadhimisho ya miaka mitatu ya Azimio, serikali ililitaifisha.

Namna lilivyotaifishwa inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni jaribio ambalo nchi chache zimelifanya waziwazi namna ile. Rais Nyerere aliandika mwongozo uliochapishwa katika ukurasa wa mbele. Alisema gazeti sasa ni mali ya wananchi wa Tanzania, kwamba litaunga mkono ujamaa na siasa ya nchi, lakini litakuwa huru kuikosoa serikali pale inaposhindwa kutekeleza siasa hiyo, na kwamba halitakuwa kipaza sauti cha wizara. Mhariri mtendaji alikuwa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni kwa ajili ya harakati za ANC. Nyerere mwenyewe alikuwa mhariri mkuu kwa cheo. Mpango huo ulitaka kumpa mhariri kinga dhidi ya mawaziri kwa kumweka moja kwa moja chini ya Rais. Kinga hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiasi fulani: chini ya Ginwala gazeti lilikuwa kali, lilibishana, na liliwakera wakubwa wengi. Lakini ilikuwa kinga ya mtu mmoja, na aliyeitoa aliweza kuiondoa.

Mwezi Julai 1971 Rais Nimeiri wa Sudan aliwanyonga viongozi wa Chama cha Kikomunisti baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa. Standard liliandika tahariri iliyolaani mauaji hayo, na Ginwala akaondolewa. Hakuna aliyesema kwamba tahariri ile ilikuwa ya uongo. Tatizo lilikuwa kwamba gazeti la serikali, hata likiandika kwa dhamiri yake, linasomwa nje kama sauti ya serikali, na serikali haiwezi kuzungumza na jirani zake kwa sauti mbili. Ginwala baadaye alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru. Tarehe 26 Aprili 1972 Standard na The Nationalist yaliunganishwa kuwa Daily News, na mhariri wake akawa Benjamin Mkapa, aliyekuwa akiliongoza The Nationalist. Mwongozo wa mwaka 1970 haukufutwa rasmi. Ulibaki bila mtu wa kuutetea.

Sheria nazo zilikaza. Mwaka 1968 Rais alipewa uwezo wa kulifungia gazeti kwa maslahi ya taifa, na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ikaukabidhi uwezo kama huo kwa waziri. Mwaka huohuo liliundwa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, lipewe kazi ya kukusanya na kusambaza habari za nchi nzima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, kwa mwananchi wa bara, habari za kila siku zilitoka serikalini au katika chama. Yaliyosalia yalikuwa ya dini, hasa Kiongozi la Wakatoliki, jina la zamani lililofufuliwa Tabora mwaka 1950.

Zanzibar ilikuwa na historia yake. Kabla ya Mapinduzi ya 1964, Unguja ilikuwa na magazeti mengi kuliko ukubwa wake: Samachar la Wahindi, Al-Falaq la jumuiya ya Waarabu, Mwongozi, Afrika Kwetu na mengine, kila moja likiwa la kundi au chama fulani, na karibu kila moja likiitazama jamii kwa jicho la upande wake. Mapinduzi yaliyafuta yote. Gazeti binafsi la kwanza baada ya hapo, Dira, lilitokea mwishoni mwa mwaka 2002 likiongozwa na Ali Nabwa, na likapigwa marufuku mwezi Novemba 2003.

Mlango ulifunguka bara mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati uchumi wa dola ulipokuwa umechoka na karatasi zilikuwa za kutafuta. Business Times na Family Mirror yalianza mwaka 1988. Baada ya sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992 na ile ya utangazaji ya 1993, mafuriko yakaja. Mwaka 1994 Radio One, Radio Tumaini ya Wakatoliki na televisheni ya ITV zilianza kurusha matangazo. RTD ikawa na washindani kwa mara ya kwanza. Meza za magazeti za Dar es Salaam zikajaa vichwa vya habari vya kila rangi, pamoja na magazeti ya udaku ambayo yaliuza kuliko mengi ya maana.

Wamiliki wapya hawakufanana. Reginald Mengi, mhasibu aliyegeuka mwenye viwanda, alijenga kundi la IPP lenye ITV, Radio One, The Guardian na Nipashe. Habari Corporation ilianzishwa na waandishi wenyewe, akiwamo Jenerali Ulimwengu, na kupitia Rai na Mtanzania ilionyesha kwamba waandishi wanaweza kumiliki kazi yao na bado wakasomwa na watu wengi. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Ulimwengu si raia, akalazimika kuomba uraia wa nchi aliyoitumikia hadi bungeni. Kampuni ile ilielemewa na gharama na hatimaye ikanunuliwa na mfanyabiashara na mbunge wa chama tawala, Rostam Aziz. Mwishoni mwa 2020 ilisitisha kuchapisha magazeti yake. Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, lilichukuliwa na Nation Media Group ya Nairobi, ambayo mwenye hisa wake mkuu wakati huo alikuwa Aga Khan. Kanuni za mwaka 2017 ziliweka kikomo cha asilimia 49 kwa hisa za wageni. Masharti ya namna hiyo yana sababu za haki katika nchi iliyowahi kuwa na gazeti la Lonrho, ila hayamzuii tajiri wa nyumbani kulifanya gazeti kuwa ngao yake. Mwaka 2009 wafanyabiashara wawili wakubwa, wote wamiliki wa vyombo vya habari, walipotuhumiana ufisadi hadharani, msomaji alilazimika kwanza kuuliza gazeti aliloshika ni la nani ndipo aanze kusoma.

Soko huria lilikuja pia na umaskini wa chumba cha habari. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, bila mshahara, na kiasi hicho hakitoshi hata nauli ya kufuatilia habari yenyewe. Bahasha, au mshiko, ikawa desturi: mwenye semina au mkutano humpa mwandishi posho, naye habari yake hutoka. Kuwaita waandishi hao makanjanja ni rahisi. Mmiliki asiyemlipa mwandishi ameacha mtu mwingine amlipe, na huyo mwingine ndiye anayepata ukurasa.

Redio ya taifa ilijaribiwa kurudishwa katika wazo la mwaka 1956. Taasisi ya Utangazaji Tanzania iliunganisha redio na televisheni ya taifa, na mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, kwa azma ya kuwa chombo cha umma badala ya chombo cha serikali. Tido Mhando, aliyetoka BBC, aliliongoza na kuleta midahalo ya wagombea na wananchi. Mkataba wake haukuongezwa baada ya uchaguzi wa 2010. Umbo la sheria lilikuwa limebadilika, lakini bajeti iliendelea kupitia wizarani na mkurugenzi mkuu aliendelea kuteuliwa na Rais. Januari 2016 waziri aliliambia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja, kwa kuwa gharama yake ilifika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga, na polisi wakaingia ukumbini. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna kituo kilichofungwa. Ilitosha mwenye mfuko kusema fedha hakuna. BBC, iliyokuwa mfano, hulipiwa na ada ya kila nyumba yenye televisheni ili bajeti isiwe mkononi mwa waziri mmoja kila mwaka. Sehemu hiyo ya mfano haikuigwa.

Njia ya tatu, kati ya dola na tajiri, imekuwa ya jamii na wafadhili. Redio Orkonerei ya Terrat, Simanjiro, ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya wafugaji wa Kimasai, na redio nyingine za jamii zimefuata mfano huo. Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2008 kwa fedha za nchi za Ulaya, uliwapa waandishi ruzuku za kwenda vijijini na kukaa na habari moja kwa wiki nzima. Kazi nzuri zilipatikana, juu ya ardhi, madini na afya ya uzazi, ambazo mhariri wa gazeti la biashara asingezigharimia. Wafadhili, hata hivyo, wana vipaumbele vyao na miaka yao ya mradi, na redio ya kijiji inayolipiwa umeme kutoka Ulaya hubaki kimya mradi ukiisha kama kijiji chenyewe hakikuzoea kuichangia.

Mtangazaji mkubwa kuliko wote katika magazeti ya Tanzania ni serikali: zabuni, nafasi za kazi, pongezi, salamu za rambirambi. Kwa hiyo hata gazeti binafsi huishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma, ila fedha hizo huja kwa hiari ya ofisa badala ya kanuni. Gazeti lililoudhi laweza kukosa matangazo bila barua yoyote kuandikwa, na kufungiwa wazi, kama ilivyotokea kwa MwanaHalisi mwaka 2012, Mwananchi mwaka 2013 na The Citizen mwaka 2019, ni njia inayotumika mara chache kuliko hiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliipa Idara ya Habari Maelezo uratibu wa matangazo yote ya serikali, ikayafanya magazeti yaombe leseni upya kila mwaka, na ikaweka ofisa mmoja mlangoni pa leseni na mlangoni pa fedha. Wamiliki, wahariri na Baraza la Habari Tanzania walilalamikia hayo kwa miaka. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 yaliondoa kifungu cha uratibu wa matangazo, na kila taasisi ya umma sasa inaweza kuchagua itangaze wapi. Leseni ya kila mwaka ilibaki, na hakuna sheria inayoeleza kwa vigezo gani fedha ya matangazo ya umma igawanywe.